Tamaa inasingiziwa: undugu huvunjwa na hesabu iliyofichwa

Septemba 2025 familia ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, ilimaliza kesi yake ya urithi. Lachlan, mtoto ambaye baba alimtaka, akabaki na usukani wa kampuni za habari za familia, Fox na News Corp. Dada zake wawili, Prudence na Elisabeth, pamoja na mdogo wake James, wakaondoka na takriban dola bilioni 1.1 kila mmoja. Kabla wino haujakauka, hukumu ya mitaani ilishatoka: tamaa. Matajiri wamegombana kwa sababu hawatosheki, na kila aliyekuwa na simu mkononi alikuwa na methali yake, "tamaa mbele, mauti nyuma" ikiwa ya kwanza. Nadhani hukumu hiyo imetolewa haraka mno, na ubaya wake ni kwamba tunaitumia hata kwenye familia zetu zisizo na hisa wala televisheni. Tamaa ipo, sikatai. Lakini ipo pia katika familia ambazo bado zinakaa meza moja na kucheka. Ukiniuliza kinachotenganisha familia hizi na zile zilizosambaratika, jibu langu ni kwamba katika zile zilizosambaratika kuna mtu aliyebadili hesabu kwa siri, wenzake wakaja kugundua wenyewe.

Tuanze na jalada lenyewe, maana wengi wanaolizungumzia hawakulisoma. Mwaka 1999, Rupert Murdoch alipoachana na mke wake wa pili, Anna, hisa zinazotoa nguvu ya kura katika kampuni ziliwekwa ndani ya amana ya familia isiyoweza kubatilishwa, yaani mfuko wa mali unaosimamiwa kwa niaba ya wanufaika. Baba angekuwa na kura nne maisha yake yote, na watoto wake wanne wakubwa kura moja moja. Akifa, kura zake zinakufa naye na wanne hao wanabaki sawa. Kwa zaidi ya miaka 20 watoto hawa waliishi wakijua hivyo. Walikosana, wakapatana, wakaajiriwa na kuondoka, lakini mezani kulikuwa na karatasi ambayo kila mmoja aliijua. Mwishoni mwa 2023 baba, akiwa na miaka 92, akaanza safari ya kuibadili karatasi hiyo ili Lachlan atawale peke yake. Mpango ukapewa jina la Mradi wa Maelewano ya Familia. Sijui ni nani aliyelichagua jina hilo, ila angestahili zawadi ya kejeli.

Kesi ilisikilizwa kwa faragha mjini Reno, jimbo la Nevada, Septemba 2024. Amana iliruhusu mabadiliko kwa sharti moja, kwamba yafanywe kwa nia njema na kwa manufaa ya wanufaika wote. Desemba mwaka huo kamishna wa mahakama aliona kwamba baba na mwanawe walikuwa wametenda kwa nia mbaya, akawakatalia. James alisimulia baadaye jinsi alivyohojiwa na wakili wa baba yake huku baba mwenyewe akiwa chumbani, kimya, akibonyeza simu. Maswali yalikuwa ya ajabu: mengine yalihusu kwa nini hakumtakia baba heri alipotimiza miaka 90. Baadaye James akang'amua kwamba baba alikuwa akimtumia wakili maswali kwa ujumbe wa simu. Mzee wa zaidi ya miaka 90, mwenye utajiri usiohesabika, yuko chumba kimoja na mwanawe, na anamuuliza habari za siku yake ya kuzaliwa kupitia mdomo wa mtu anayelipwa kwa saa. Iweke tamaa popote upendapo katika picha hiyo, bado haitaieleza.

Na kuna hesabu nyingine inayowashinda wanaolaumu tamaa. Mwaka 2019, sehemu kubwa ya himaya ilipouzwa kwa Disney, kila mmoja wa watoto sita wa Murdoch alipata takriban dola bilioni 2. Hawa hawakwenda Reno kutafuta ada ya shule. Kama shida ilikuwa pesa tu, njia ya mkato ilikuwa kukaa kimya, kumwacha kaka atawale na kuendelea kula gawio. Walichokipigania kilikuwa kura, yaani haki ya kuulizwa. Unaweza kusema kura nazo ni madaraka na madaraka ni aina ya tamaa. Sawa. Lakini kwa mantiki hiyo kila mtu anayedai alichoahidiwa ana tamaa, na neno likishafika hapo halina kazi tena.

Uchumi una jaribio la zamani linalonisaidia hapa. Mwaka 1982 Mjerumani Werner Güth na wenzake waliwachukua watu wawili wawili; mmoja anapewa fedha na kutakiwa kupendekeza mgawo, wa pili ana uamuzi mmoja tu, akubali au akatae. Akikataa, wote wanaondoka mikono mitupu. Mtu mwenye tamaa tupu angekubali hata shilingi moja, maana moja ni zaidi ya sifuri. Jaribio hilo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, na jambo moja linajirudia: mgawo ukiwa mdogo sana, watu wengi hukataa. Wanakubali kupoteza ili asiyewatendea haki naye apoteze. Aliyewahi kuona ndugu wakitumia thamani ya nyumba kulipa mawakili wanaoigombania nyumba hiyohiyo hakuhitaji maabara kulijua hilo, lakini si vibaya kulithibitisha. Tamaa hutafuta faida. Ugomvi wa ndugu huendelea hata pale ambapo faida imekwisha, na penye hasara tupu ndipo huwa mkali zaidi. Kinachouendesha ni kitu kingine.

Kitu hicho nilikiona mara moja kwa karibu, nami nitakieleza kwa ufupi kwa sababu si changu. Niliitwa kukaa kama mtu wa nje katika kikao cha ndugu wanne, miezi michache baada ya baba yao kuzikwa. Mdogo wao wa kike, aliyemuuguza mzee miaka sita, alikuja na daftari lenye jalada gumu, pembe zimelegea kwa kushikwashikwa. Ndani aliandika kila kitu: tarehe, dawa, nauli, usiku aliokesha, nani alituma nini na nani aliahidi asitume. Sote tulidhani ameleta deni. Kumbe alikuwa na ombi moja tu, lisomwe kwa sauti mbele ya kila mtu, kurasa chache tu. Kaka mkubwa, ambaye ndiye aliyeshika hati zote na ambaye tayari alikuwa ameuza kitu kimoja bila kusema, akatabasamu akamwambia, "Mdogo wangu, hatukuja hapa kuhesabiana." Daftari likarudi kwenye mfuko wa plastiki. Mgawo uliotoka siku ile haukuwa mbaya. Nadhani hata ulimpendelea yule dada kidogo. Hajaongea na kaka yake tangu siku hiyo.

Ukiisimulia habari hiyo kwa jirani, atakwambia yule dada alitaka pesa. Ndivyo tulivyozoea kuhukumu: anayeleta hesabu ndiye mwenye tamaa, na anayeificha huonekana muungwana. Ningependa tuligeuze hilo.

Kuna watakaosema dawa inajulikana, andika wosia. Nakubali kwamba wosia ni bora kuliko ukimya, ila ushahidi kwamba unaokoa undugu ni hafifu. Dhirubhai Ambani, mfanyabiashara tajiri wa India, alifariki Julai 2002 bila wosia, na wanawe Mukesh na Anil wakagombana hadharani hadi mama yao, Kokilaben, alipotangaza mgawanyo wa himaya Juni 2005. Murdoch alikuwa na hati iliyopitiwa na wanasheria wa kila aina, na familia ikapasuka hivyohivyo. Wakati mwingine wosia wenyewe ndio kisu. Leona Helmsley, bilionea wa mahoteli wa Marekani aliyefariki 2007, alimwachia mbwa wake dola milioni 12 na kuwakata wajukuu wawili kati ya wanne, kwa sababu ambazo, kwa maneno ya wosia huo, wao wenyewe wanazijua. Jaji alikuja kulipunguza fungu la mbwa hadi dola milioni 2 na wajukuu wale wakapata kitu, lakini nani anaweza kuipunguza sentensi ile? Mtu amekufa, na neno lake la mwisho ni fumbo la lawama lisiloweza kujibiwa.

Wengine huenda mbali zaidi na kusema uhuru wa mwenye mali ndio tatizo, sheria ipange mafungu na ubishi uishe. Hoja hii ina uzito. Qur'ani, katika Surat An-Nisaa, imetaja mafungu ya warithi moja kwa moja, na hadithi ya Mtume ikaweka wosia usizidi theluthi. Sheria ya Ufaransa nayo inawatengea watoto sehemu isiyoguswa: nusu akiwa mtoto mmoja, theluthi mbili wakiwa wawili, robo tatu wakiwa watatu au zaidi. Mifumo hii miwili haikutoka kisima kimoja, lakini yote inamnyima mzazi silaha ya kumwadhibu mtoto mmoja kimyakimya, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo mafungu hujibu swali la "sehemu gani" tu. Hayajibu "sehemu ya nini". Theluthi ya orodha iliyochezewa ni theluthi halali kabisa ya uongo. Mwimbaji wa Ufaransa Johnny Hallyday alipofariki Desemba 2017, ikabainika wosia wake wa California umemwachia mkewe kila kitu, na watoto wake wakubwa David na Laura wakaenda mahakamani. Mgogoro haukuwa juu ya mafungu, kwa kuwa Ufaransa inayajua. Ulikuwa juu ya alikoishi marehemu hasa na sheria ya nchi gani imshike, na ukafika 2020 ndipo maridhiano yakapatikana. Mwenye kutaka kukwepa fungu hatagusa namba. Atahamisha mali, atabadili jina kwenye hati, atauza mapema, au atahama yeye mwenyewe.

Sasa niseme dhidi yangu, maana kuna kesi inayonisumbua. Brooke Astor, tajiri na mfadhili maarufu wa New York, alikuwa na mtoto mmoja tu, Anthony Marshall. Hapakuwa na ndugu wa kugombana naye wala usukani wa kampuni. Julai 2006 mjukuu wake, Philip, alikwenda mahakamani kumshtaki baba yake mwenyewe kwamba anamtelekeza bibi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 104 na akili imeshamtoka. Mwaka 2009 Anthony, akiwa na miaka 85, alitiwa hatiani. Miongoni mwa makosa yake ni kujiongezea malipo ya takriban dola milioni 1 kwa kazi ya kusimamia fedha za mama yake. Wakili aliyeshtakiwa pamoja naye alipatikana na hatia ya kughushi saini ya bibi huyo. Hapa huhitaji nadharia yangu: mtu wa miaka 80 na ushee, aliyekuwa tayari tajiri, akaona hazimtoshi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na si jambo la matajiri tu, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hupitia unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja katika mazingira ya nyumbani na jamii, na kunyang'anywa fedha ni mojawapo ya aina hizo.

Basi nakubali: pale ambapo mmoja hana uwezo wa kujitetea, tamaa peke yake inatosha kuua undugu. Lakini tazama kesi hiyohiyo kwa jicho la pili. Kwa wengi, aliyevunja familia ya Astor alikuwa Philip. Yeye ndiye aliyetoa siri nje, akampeleka baba kortini, na kila gazeti la mji likapata chakula cha miezi. Anthony, kwa muda wote alioshika mkoba wa mama yake, alionekana mtoto mwaminifu. Usaliti wake ulikuwa umeshatendeka. Uliokuwa haujatendeka ni ufichuzi. Tumezoea kuhesabu kuvunjika kwa familia tangu siku ya kelele, tukisahau kwamba kelele huja mwishoni kabisa. Kiswahili chenyewe kina neno zuri ambalo siku hizi halisikiki sana, hiana, lenye usaliti na uchoyo ndani yake kwa pamoja. Waliotangulia waliona mambo hayo mawili yanakaa chumba kimoja: amana unakabidhiwa mbele za watu, na hiana unaitenda pasipo mtu kukuona.

Ndiyo maana hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: mambo ya familia yamalizwe kifamilia, damu ni nzito kuliko maji. Angalia hoja hii hutolewa lini. Haitolewi siku hati inapobadilishwa jina usiku. Haitolewi siku dada anapoambiwa sahihi yake ni "ya utaratibu tu". Hutolewa siku aliyedhulumiwa anapofungua mdomo, na inamtaka yeye ndiye abebe gharama ya amani. Msamaha anaombwa autoe kabla hajaambiwa anasamehe nini. Wanaosema hivyo huwa na nia njema, tena mara nyingi ni watu wazima tunaowaheshimu. Lakini kikao kinachokataza maswali ili kulinda upendo kinamlinda yule ambaye maswali yangemgusa, na wote waliokaa pale wanamjua. Kisha tunashangaa kwamba walioshikana mikono siku ile hawakuzikana.

Ukinifuata hadi hapa, kuna mambo machache yanayobadilika. La kwanza ni mahali pa kutafuta chanzo. Ndugu wakifarakana tunawatazama watoto, nani mlafi, nani mkorofi. Mara nyingi ingefaa kumtazama mzazi, au yeyote aliyeshika funguo: alimwahidi mmoja jikoni na mwingine sebuleni, akaacha kila mmoja aamini ahadi yake. Baba wa namna hiyo huwa anakwepa ugomvi akiwa hai, na anawarithisha wanawe ugomvi huo ukiwa mzima. Mzazi anaweza kugawa isivyo sawa na bado wanawe wakabaki ndugu, endapo amesema mwenyewe, akiwa na pumzi, mbele ya wote, na akakubali kutazamwa usoni anaposema. Mgawo sawasawa uliogunduliwa ndani ya droo unaweza kuleta sumu kuliko mgawo wa upendeleo uliotangazwa.

La pili linahusu wauguzaji. Kila familia ina mmoja aliyebaki, na saa zake hazimo katika orodha yoyote ya mali. Ama alipwe wakati kazi inaendelea, kwa kiwango ambacho wote wanakijua, ama daftari lake lisomwe. Kumwambia kwamba mema yake Mungu ameyaona, hata kama ni kweli, ni kumlipa kwa fedha ya mwingine.

La tatu ni kuhusu kupatana, na hapa mifano miwili inapingana kwa namna inayonifikirisha. Ndugu Adolf na Rudolf Dassler walitengeneza viatu pamoja katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, kisha 1948 wakatengana. Mmoja akaanzisha Adidas, mwingine Puma. Chanzo halisi cha ugomvi wao hakijawahi kujulikana kwa hakika. Zipo hadithi nyingi tu. Rudolf alifariki 1974 na Adolf 1978, wakazikwa katika makaburi ya mji huohuo, kila mmoja upande wake. Upande wa pili wako akina Ambani, waliorushiana maneno, wakafikishana hadi Mahakama ya Juu kabisa ya India kwa kesi ya gesi iliyoamuliwa 2010. Machi 2019 Anil alikabiliwa na kifungo kwa deni la kampuni yake kwa Ericsson, kampuni ya mitambo ya simu ya Sweden, na Mukesh akamsaidia kulilipa. Anil akawashukuru hadharani kaka na shemeji yake. Siwezi kuapa kwamba ni mgawanyo wa wazi wa mama yao uliofanya hilo liwezekane. Ila akina Ambani walijua hasa walichogombania, kila mmoja alijua mpaka wake, na dunia nzima iliusoma. Kina Dassler waliondoka na jambo ambalo hawakulisema mpaka wanaingia kaburini, na jambo ambalo halijasemwa huwezi hata kulilipia deni.

Turudi Reno. Maridhiano ya Septemba 2025 yanaelezwa kama mwisho wa hadithi, na magazeti yameshahamia kwingine. Lakini amana mpya imeundwa, na wanufaika wake ni Lachlan pamoja na wadogo zake wawili wa mama mwingine, Grace na Chloe, ambao katika amana ya zamani walikuwa na fungu la mali bila kura. Usukani ni wa Lachlan, na mpango unakwenda hadi 2050. Mwaka huo yeye atakuwa anatimiza miaka 79, Grace 49, Chloe 47, yaani wadogo hao watakuwa na umri mdogo kuliko aliokuwa nao kaka yao siku anashinda. Nani amewaeleza kilichomo katika hati hiyo, kwa maneno gani, na je, wote watatu walikuwa chumba kimoja?